VISIWA VYA ZIWA LETU: ARDHI YENYE MWISHO

Katika somo hili tutafunga safari. Hatutapanda basi wala meli. Tutasafiri kwa kusoma. Hii ni faida mojawapo ya kisomo: mtu anakaa chini ya mwembe wake huko Geita, Kahama au Kishapu, na anafika mbali bila kulipa nauli.

Tunakwenda visiwani. Si visiwa vya ng'ambo. Ni visiwa vya ziwa letu, Ziwa Viktoria. Wengi wetu tunakula dagaa na sangara wa huko kila juma, lakini hatujui watu wa huko wanaishije. Basi tutatazama nchi yao, kazi zao na desturi zao. Mwishoni tutajiuliza swali moja: Je, watu wa visiwani wanajua jambo gani ambalo sisi wa bara tumechelewa kulijua?

KISIWA NI NINI?

Kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Ukianza kutembea kutoka upande mmoja utafika upande wa pili, na hapo utakuta maji. Huwezi kuendelea. Jambo hili ni dogo, hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Lakini tulishike vizuri, maana ndilo somo lenyewe. Kisiwani, mtu anauona mwisho wa nchi kwa macho yake.

Sisi wa bara tumezoea mambo mengine. Ukisimama juu ya jabali huko Usukumani unaona mbuga inakwenda, inakwenda, mpaka mbingu inapogusa ardhi. Tangu zamani, shamba likichoka au malisho yakiisha, jawabu letu lilikuwa moja tu: kuhama. Wazee wetu walitoka Shinyanga wakaja Geita na Kahama. Watoto wao wakaenda Rukwa, Mbeya na Morogoro. Tulidhani nchi haina mwisho.

TUANZE SAFARI

Tukitoka mjini Geita tukashuka ziwani, tunafika Nkome. Hapa pana mwalo. Kwa watu wa Geita neno mwalo lina maana mbili. Kwa mvuvi, mwalo ni pwani ya ziwa ambapo mitumbwi inapakua samaki. Kwa mchimbaji, mwalo ni mahali pa kuoshea udongo wenye dhahabu. Mwalo huu wa Nkome ni ule wa samaki. Utaona mitumbwi imepakwa rangi nyekundu, buluu na kijani. Utawaona akina mama wakipiga bei, na furukombe angani wakingoja chao.

Mbele yetu majini viko visiwa. Kimoja ni Rubondo. Kisiwa hiki kiko mkoani Geita, na tangu mwaka 1977 ni hifadhi ya taifa. Zamani waliishi watu huko, wavuvi na wakulima, lakini walihamishwa. Leo sehemu kubwa ya Rubondo ni msitu mzito. Ndani yake kuna tembo, kuna nzohe wanaokaa kwenye matete na mabwawa, na kuna sokwe. Sokwe hao si wa asili ya hapo. Waliletwa kuanzia mwaka 1966. Walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa huru msituni. Waliokuwa wakilishwa kwa mkono wakajifunza wenyewe kutafuta matunda na kujenga viota juu ya miti. Watoto na wajukuu wao wako huko mpaka leo.

Jirani na Rubondo viko Maisome na Kome, katika mkoa wa Mwanza. Visiwa hivi wanakaa watu, wavuvi na wakulima. Maisome ina msitu wa hifadhi pia. Anayetaka kujua nchi yetu ya kandokando ya ziwa ilifananaje kabla ya mashoka kuwa mengi, atazame misitu hiyo.

Sasa turudi bara tuelekee mashariki. Tunapita Sengerema mpaka Busisi. Zamani hapa tulingoja kivuko, pengine nusu siku, jua linatuchoma na mgonjwa amelala garini. Tangu mwaka 2025 tunapita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3. Tunafika Mwanza, tunapanda meli, na baada ya saa chache tunashuka Nansio. Tumefika Ukerewe.

UKEREWE: KISIWA CHA MACHUNGWA NA KITABU

Ukerewe ni kisiwa kikubwa. Husemwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Wenyeji wake ni Wakerewe, na pamoja nao wanaishi Wajita, Wakara na wengine. Barabara zinapita kati ya mashamba ya mihogo, mabonde ya mpunga, na miembe na michungwa. Huku na huku yamesimama mawe makubwa, moja juu ya jingine, kama yale ya Mwanza mjini. Chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo kwa samaki.

Jioni ndipo kisiwa kinapopendeza zaidi. Jua likizama, wavuvi wa dagaa wanasukuma mitumbwi yao majini. Wanawasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za mionzi ya jua. Dagaa wanaufuata mwanga, nao wavuvi wanawazungushia nyavu. Usiku wa giza, ukisimama ufukoni, utadhani kuna mji mkubwa katikati ya maji. Taa ni nyingi mno! Lakini mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaufuati mwanga wa taa. Basi wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo watu wa visiwani wanahesabu siku kwa mwezi wa mbinguni, kama sisi tunavyohesabu kwa mvua.

Asubuhi kazi inakuwa ya akina mama. Wanaanika dagaa mchangani, juu ya mawe au juu ya chanja. Wa kwenye chanja hawaingii mchanga, nao hupata bei nzuri. Mvua ikinyesha ghafla, utaona kijiji kizima kinakimbia, wakubwa kwa wadogo. Dagaa walioloa huoza, na jasho la usiku mzima linapotea.

Yuko mtu mmoja wa Ukerewe ambaye kila msomaji wa gazeti hili anapaswa kumjua. Jina lake ni Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896. Aliona kuwa desturi za Wakerewe zinasahaulika, akaamua kuziandika. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mtu na mkewe, jinsi wanavyolima, wanavyovua, wanavyotafuta mtoto na kukaa na wakwe. Alimaliza mwaka 1945. Miaka mingi ikapita bila kitabu kuchapwa. Mzee hakukata tamaa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwandishi alifariki mwaka 1981, wakati kitabu ndiyo kwanza kinatoka. Sasa kinasomwa katika nchi nyingi. Ndugu msomaji, mzee huyu aliandika akiwa kijijini. Hata wewe, andika unayoyajua.

UKARA: SHAMBA KAMA BUSTANI

Kaskazini ya Ukerewe kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 80, yaani kiasi cha eka 20,000 tu. Kuna jiwe kubwa huko ambalo wenyeji husema linacheza, na wageni huenda kulitazama. Lakini ajabu ya Ukara si jiwe. Ajabu yake ni shamba.

Udongo wa Ukara ni kichanga chepesi kinachotokana na mawe. Sisi Wasukuma tungeuita luseni. Ni udongo unaochoka upesi. Tena watu ni wengi sana kwa eneo hilo dogo. Kwa hesabu ya kawaida, kisiwa hiki kingekwisha kuwa jangwa zamani. Lakini wazee wa Wakara walilima ardhi ile ile, mwaka baada ya mwaka, bila kuipumzisha, nayo ikaendelea kuwalisha. Mwaka 1936 maofisa wawili wa kilimo, Thornton na Rounce, waliandika habari zao. Walistaajabu. Walikuta elimu ambayo haikuletwa na serikali wala na mzungu yeyote.

Walifanyaje? Hebu tufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, ng'ombe hakuachwa kuzurura. Alifungwa ndani, katika zizi lililochimbwa chini kama shimo. Alikatiwa majani na kuletewa. Majani ya kulalia yaliongezwa kila mara, yakachanganyika na kinyesi na mkojo. Shimo likijaa, samadi ilitolewa ikapelekwa shambani kwa vikapu, kichwani.

Pili, majani ya ng'ombe yalipandwa. Kando ya mito na ziwa Wakara walichimba vishamba vifupi kwenda chini mpaka karibu na maji. Humo walipanda majani marefu, yakapata unyevu hata wakati wa kiangazi. Majani ya miti nayo yalikatwa kwa chakula cha mifugo.

Tatu, walipanda mbolea. Ndani ya shamba la uwele walisia mmea wa jamii ya marejea. Uwele ukivunwa, mmea ule uliendelea kukua peke yake. Kisha ulifukiwa udongoni ukiwa bado mbichi. Ukaoza, ukawa mbolea. Katika mzunguko wa mazao waliweka pia mtama na njugumawe.

Nne, walizuia maji yasichukue udongo. Penye mteremko walijenga kuta za mawe, shamba likawa kama ngazi. Mabondeni walielekeza maji ya vijito kwenye mpunga.

Tano, kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Shamba lina mwenyewe, mti una mwenyewe, hata kishamba cha majani kina mwenyewe. Hakuna aliyekata tawi la mti wa jirani bila kumwomba.

Hatusemi kwamba Ukara ni peponi. Kazi ilikuwa nzito, na vijana wengi waliikimbia. Siku hizi muhogo umechukua nafasi kubwa na si kila mtu anafuata taratibu zote za wazee. Ugonjwa wa kichocho unasumbua watu wa visiwa hivi, kwa sababu wanaingia majini kila siku. Na safari za majini zina hatari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101 tu. Waliokufa walizidi 220. Tunawakumbuka. Na tukumbushane: chombo kikijaa, shuka, hata kama una haraka. Vaa jaketi la kuokolea. Atakayekucheka mwache acheke.

WENZETU WA UGIRIKI

Jambo hili si la Ukara peke yake. Huko Ulaya ya kusini iko nchi iitwayo Ugiriki. Ina visiwa vingi mno baharini, na zaidi ya 200 vinakaliwa na watu. Vingi ni vya mawe matupu, na mvua ni haba. Wageni kutoka dunia nzima huenda huko kutazama uzuri: nyumba nyeupe zilizopangana mlimani, vichochoro vyembamba, punda waliobeba mizigo, bahari ya buluu.

Lakini kila uzuri pale una sababu yake. Nyumba ni nyeupe kwa kuwa zimepakwa chokaa, nayo chokaa hurudisha joto la jua. Chini ya nyumba nyingi au kando yake kuna kisima cha kukusanyia maji ya mvua kutoka kwenye paa, kwa sababu mito ni haba. Milima imekatwa ngazi kwa kuta za mawe, kama Ukara, na juu yake walipanda shayiri, mizabibu na mizeituni. Waliojenga kuta hizo hawakujua Ukara ipo, na Wakara hawakujua Ugiriki ipo. Shida moja ilizaa akili moja.

Tena kuna fundisho jingine kutoka huko. Watu wengi wa visiwa hivyo walihamia mijini au wakaenda kufanya kazi za hoteli. Kuta za mawe zikakosa mtu wa kuzitengeneza. Sehemu nyingi zimebomoka, na mvua inachukua udongo uliolindwa kwa mamia ya miaka. Ukuta haujilindi wenyewe.

MKARA AKIFIKA BARA

Sasa, ndugu wasomaji, sikilizeni jambo la kushangaza. Wakara wengi walihamia bara. Walikwenda Sengerema, Geita na kwingineko wakapata mashamba makubwa. Watu waliochunguza kilimo chao waliwafuata ili waone: Je, wataleta ule ujuzi wao?

Hawakuuleta. Walipofika penye ardhi nyingi waliacha kufunga ng'ombe ndani. Waliacha kubeba samadi. Walilima kama jirani zao: kukata, kuchoma, kulima mpaka shamba lichoke, halafu kusogea mbele.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kuwa Mkara hakuzaliwa na akili kutuzidi. Damu yake ni kama yetu. Tofauti ni moja tu. Akiwa kisiwani anayaona maji, anajua nchi imekwisha. Akiwa bara hayaoni, basi anasahau.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu. Tuseme babu alikuwa na eka 24. Alikuwa na watoto 4 wa kurithi. Akagawa sawasawa:

24 ÷ 4 = 6. Kila mtoto akapata eka 6.

Kila mmoja wa hao naye akazaa watoto 4 wa kurithi:

6 ÷ 4 = 1 na nusu. Kila mjukuu akapata eka 1 na nusu.

Sasa wewe mwenyewe fanya hesabu ya vitukuu. Utaona kuwa wanapata chini ya nusu eka. Zamani kitukuu angehamia porini. Leo pori liko wapi? Upande mmoja ni shamba la mtu, upande wa pili ni hifadhi ya serikali, upande wa tatu ni leseni ya mgodi, upande wa nne ni kijiji kingine. Amezungukwa pande zote. Ndugu yangu, huyo yuko kisiwani! Tofauti ni kwamba kilichomzunguka si maji.

SHINYANGA ILIKWISHA FUNDISHWA

Watu wa Shinyanga tuliuona mwisho huu mapema. Tangu miaka ya 1920 misitu yetu ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Kisha ikafyekwa kwa ajili ya pamba na kuni. Mifugo ikaongezeka. Zamani wazee walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ili ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wasife njaa. Watu walipohamia vijijini miaka ya 1970 ngitili nyingi ziliachwa nyuma. Vumbi likatanda. Akina mama wakatembea nusu siku kutafuta kuni. Watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche. Lakini faida kubwa ilipatikana waliporudi kwa wazee na kuuliza: Ninyi zamani mlifanyaje? Wazee wakajibu: Tulikuwa na ngitili. Basi ngitili zikarudishwa, za familia na za kijiji. Mwaka ule wa 1986 zilizobaki zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi ya zamani vilikuwa hai chini ya ardhi, vikingoja tu kuachwa vipumue. Nyasi zikarudi, asali ikarudi, dawa za kienyeji zikarudi, kuni zikakaribia nyumbani.

Kwa hiyo jambo linawezekana. Ngitili ni kisiwa tulichokitengeneza kwa mikono yetu wenyewe, na mpaka wake ni neno la wanakijiji wote.

NA GEITA JE?

Geita ina mali nyingine, dhahabu. Ilichimbwa tangu siku za ukoloni, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Wachimbaji wadogo ni maelfu kwa maelfu. Dhahabu imejenga nyumba na imesomesha watoto. Hatuibezi.

Lakini dhahabu ni tofauti na samadi. Shamba la Mkara linalimwa leo, linalimwa kesho, na mjukuu atalilima. Duara likitolewa mawe yake limekwisha, limebaki shimo. Ng'ombe anatumbukia, mtoto anatumbukia. Miti ya kushikilia kuta za duara inatoka msituni. Na zebaki inayokamata dhahabu ni sumu. Ikichomwa jikoni, mvuke wake unaingia kwa mama na mtoto. Ikimwagwa mtoni, maji yanaipeleka ziwani kwa samaki, nasi tunawanunua samaki hao pale pale mwaloni Nkome.

Wengine watasema: "Ng'ombe kufungwa ndani? Huko si kumweka mahabusu? Sisi ni wafugaji, ng'ombe lazima atembee." Tunawaelewa. Mwenye ng'ombe 60 hawezi kukata majani ya wote. Lakini anaweza kuanza na 2 wa maziwa. Samadi ya hao 2 ikitosha robo eka, basi robo eka hiyo itakuwa Ukara yake. Aanze na hapo. Haba na haba hujaza kibaba.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

1. Samadi isikae zizini miaka na miaka. Itolewe, ipelekwe shambani kabla ya mvua.

2. Penye mteremko tuweke makingamaji. Penye mawe tujenge kuta za mawe. Pasipo mawe tupande majani kukata mteremko, nayo yatakuwa chakula cha ng'ombe.

3. Kila kaya yenye nafasi itenge ngitili yake, hata ikiwa ndogo. Kijiji kitenge ya wote.

4. Mwenye paa la bati aweke mfereji na pipa, akusanye maji ya mvua kama watu wa Ugiriki.

5. Duara lililokwisha lifukiwe. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto, na maji yake yasimwagwe mtoni.

6. Makubaliano yaandikwe. Mipaka ya ngitili, siku ya kufunga, siku ya kufungua, faini ya mvunjaji: yote yaingie katika daftari la kijiji. Tumekwisha jua kusoma na kuandika, tena tutumie. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wasomaji, safari yetu imeishia hapa. Tumeona taa za dagaa usiku, tumeona michungwa ya Ukerewe, tumeona kuta za mawe za Ukara. Uzuri wa visiwa si wa bahati. Ni kazi ya watu waliojua kuwa hawana mahali pengine pa kwenda. Kesho asubuhi ukitoka nyumbani kwako, simama. Tazama mashariki, tazama magharibi, kaskazini na kusini. Uliza shamba lako linaishia wapi, na baada ya hapo pana nani. Ukisha kulijua hilo, shika jembe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chanja: kitanda cha miti cha kuanikia samaki au vyombo.
Furukombe: ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe anayekula samaki.
Luseni: udongo wa kichanga, kwa Kisukuma.
Makingamaji: matuta ya kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo.
Marejea: mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha ardhi.
Nzohe: swala mwenye kwato ndefu anayeishi penye majimaji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Wakara walifunga ng'ombe ndani? Taja faida mbili.
2. Wakara waliohamia bara waliacha ujuzi wao. Kwa maoni yenu, ni kwa sababu gani?
3. Malizia hesabu ya urithi: eka 1 na nusu zikigawiwa watoto 4, kila mmoja anapata kiasi gani?
4. Katika kijiji chenu, ni ngitili gani zilizokuwapo zamani? Waulizeni wazee, kisha andikeni majibu yao.
5. Yako mashimo mangapi yaliyoachwa wazi karibu na nyumba zenu? Nani ayafukie, na lini?